Nchi Yenye Mawazo Kuliko Zote

Hapo juzijuzi, katika nchi ambayo si mbali wala si karibu, kulitokea mambo. Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Hapa. Jirani yetu ni Jamhuri ya Pale. Watu wa Pale wakija Hapa wanasema bora Pale, na sisi wa Hapa tukienda Pale tunarudi kimya. Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu kusema zaidi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa kukosa kibali.

Yote yalianza Mtukufu Mlezi wa Taifa alipokwenda kwenye mkutano wa mataifa. Huko kila kiongozi alisimama akaeleza nchi yake imewaza nini. Mmoja akasema kwao kuna gari linajiendesha. Mwingine akasema wamepata dawa ya ugonjwa ambao sisi tulikuwa hatujaupa hata jina. Mwingine akasema wana sheria ya kumtoa kiongozi bila kumpiga, na hapo Mtukufu wetu akavua miwani. Zamu yake ilipofika akasema sisi tuna amani na tembo. Wakampigia makofi matatu. Aliyahesabu.

Alirudi na hasira. Kwenye uwanja wa ndege hakusubiri hata ngoma ya mapokezi iishe. Akashika maiki.

"Wananchi! Dunia ya leo haiendi kwa miguu, haiendi kwa magari. Inakwenda kwa mawazo! Kuanzia leo natangaza Mwaka wa Mawazo. Kila raia awe na mawazo. Asiye nayo, serikali itamtafutia!"

Watu wakashangilia. Mama mmoja wa ngoma, aliyesimama juani tangu asubuhi bila hata maji ya kunywa, akamwambia mwenzake, "Kama ni hayo tu, mbona mimi ninayo ya kuuza."

Basi ikaundwa Wizara ya Mawazo. Jengo halikuwepo, wakachukua la Wizara ya Maji. Tuliambiwa maji yapo tangu dunia iumbwe, hayahitaji wizara, ila mawazo ni kitu kipya, lazima yasimamiwe. Kibao kikapakwa rangi upya. Herufi M na A waliziacha, rangi isipotee bure. Wizara ikawa na idara nne: Sayansi, Siasa, Teknolojia na Utamaduni. Wahandisi wa mabomba wakaitwa wataalamu wa mtiririko wa fikra. Stoo ya vipuri ikaitwa Ghala la Taifa la Fikra, wakaijaza fomu hadi darini, wakapiga kufuli.

Sasa hapo ndipo shemeji yangu anaingia.

Shemeji Chande, mume wa dada yangu Sikudhani, alikuwa fundi wa pampu ya mtaa wetu wa Bondeni. Ni ile pampu ya mkono, unakandamiza mpini maji yanatoka. Mtaa mzima pampu moja. Wizara ilipobadilika akapewa cheo cha Afisa Fikra Daraja la Tatu, akapewa kiti, akanyang'anywa spana. Wiki hiyohiyo pampu ikafa.

Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti chake, kakishika kichwa.

"Vipi shem?"

"Mpira umekwisha."

Mimi bwana nilimwonea huruma kweli. "Umekwisha ngapi ngapi?"

Akaniangalia. "Hemedi, nakwambia mpira umekwisha na mwingine umo stoo, stoo imefungwa."

"Sasa mpira kufungwa si kawaida, shem? Leo mmefungwa nyie, kesho wenzenu. Mchezo ndivyo ulivyo."

Akainuka akaondoka bila kuaga. Nikajua tu timu yake imeshuka daraja. Miezi mitatu mizima nilikuwa nampa pole ya timu. Shule niliacha mapema, sikatai, lakini na yeye angeeleza vizuri.

*

Na mimi nikapata kazi. Serikali ilitangaza Sensa ya Mawazo, ikataka makarani wasiosoma sana, ili wasije wakachanganya mawazo yao na ya wananchi. Kwenye usaili nikaulizwa, "Wewe una wazo lolote?" Nikasema sina. Nikaajiriwa hapohapo.

Fomu ilikuwa na maswali matatu. Je, una mawazo? Ni mengi kiasi gani? Ni ya nini? Mwisho kulikuwa na kisanduku: karani achague idara.

Siku ya kwanza tulipelekwa kuchukua fomu kule ghalani. Nilipewa za Bondeni, rundo zima, bila kamba. Nikazikunja kama mkeka, zikawa zinafumuka. Nikatazama kwenye rafu nikaona kopo lina duara moja jeusi la mpira, nene, ukubwa wa bangili ya mtu mwenye mwili wake. Nikazivisha fomu zangu. Likakaa sawasawa. Nikajipongeza, nikasema hata mimi kumbe nina akili.

Nikaanza na Mama Chausiku, muuza maandazi.

"Mama, je, una mawazo?"

Akaweka kijiko chini. "Nani kakwambia?"

"Serikali inauliza."

"Serikali imejuaje?" Machozi yakamlenga. "Ninayo mwanangu. Ninayo mpaka nasahau hamira."

"Mengi kiasi gani?"

"We andika tu yamejaa."

"Ya nini?"

"Mwanangu yuko Pale mwaka wa pili, hapigi simu."

Nikaangalia visanduku. Simu. Nikaweka alama Teknolojia.

Nyumba ya pili Mzee Kibindo akasema ana mawazo kwa sababu mwenyekiti wa mtaa kahamisha mpaka wa shamba lake mara tatu na bado anauhamisha. Siasa. Dada mmoja akasema mama mkwe wake anakuja wiki ijayo na hajasema anaondoka lini. Utamaduni. Jamaa mwingine akasema goti linamuuma kila mvua inapokaribia. Huyo nilimweka Sayansi, utabiri wa hali ya hewa. Kijana wa rika langu akasema, "Mimi mawazo yangu ni wewe kupata kazi na mimi kukosa." Nikamwacha, kisanduku cha hiyo hakipo.

Wote walikuwa na mawazo. Hakuna aliyebisha. Mwalimu mstaafu mmoja tu ndiye alisita, akaniuliza, "Karani, mnataka mawazo ya kuwaza au mawazo ya kuwa nayo?" Nikamwambia mzee, fomu haina nafasi ya maswali ya mwananchi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya dada. Dada Sikudhani hakuwepo, alikwenda kuchota maji bwawani, kule wanakonyweshwa ng'ombe, na tumbo la miezi minane. Saluni yake alishaifunga. Huwezi kuosha nywele za mtu kwa maji yenye viluwiluwi. Shemeji alikuwepo.

"Shem, je, una mawazo?"

"Unaniuliza mimi swali hilo?"

"Sikuulizi mimi. Inauliza fomu."

"Iambie fomu ninayo mpaka silali."

Nikaandika: MPAKA HALALI. "Ya nini?"

"Ya mpira, Hemedi! Ya nini kingine?"

Nikatikisa kichwa. Miezi mitatu na bado jamaa anauguza timu. Nikaweka alama Utamaduni, upande wa michezo, nikamshika bega nikamwambia ajikaze. Alinitukana tusi moja ambalo silirudii, maana dada yangu anahusika.

*

Matokeo yakatangazwa redioni. Waziri wa Mawazo, Profesa Mtambalike, alisoma mwenyewe.

"Ndugu wananchi, asilimia tisini na saba nukta nane ya watu wa Hapa wana mawazo! Hakuna taifa chini ya jua lenye mawazo kiasi hiki! Tumechunguza tukaona wananchi wana mawazo wakiwa shambani, wana mawazo wakiwa kitandani, kina mama wana mawazo hata wakiwa wajawazito! Tumewaacha mbali sana wenzetu wa Pale!"

Hiyo asilimia mbili na kidogo iliyobaki, isiyo na mawazo, ilionekana yote inakaa mtaa mmoja, ule wenye mageti na mbwa. Waziri aliahidi kuwasaidia.

Kisha akasema kati ya mamilioni yote fomu moja imeshinda: mwananchi wa Bondeni ambaye ana mawazo mpaka halali. Huyo ndiye Bingwa wa Mawazo wa Taifa. Mtukufu amealika wageni kutoka nchi zilizoendelea, na mbele yao Bingwa atalitoa wazo lake. Akikosa kulitoa itakuwa ameficha, na Sheria mpya ya Kuficha Mawazo inatoa miaka saba.

Walikuja kumchukua kwa tarumbeta. Shemeji alitoka kavaa fulana na kandambili, wakamvisha shada la maua shingoni, wakamwingiza kwenye gari. Dada Sikudhani akaja anatembea kwa shida na ndoo kichwani, akakuta vumbi tu.

"Hemedi, mume wangu wamempeleka wapi?"

"Dada, kashinda! Ule mpira ule, timu yake, mimi ndiye niliyeandika..."

Alishusha ndoo polepole. Nilidhani ananishukuru.

"We zuzu," akasema. "Mpira wa pampu! Kile kiduara cheusi kinachokaa ndani ya pampu kuvuta maji! Timu gani? Chande hajawahi hata kuangalia mpira, anasema watu ishirini na mbili wanagombea kitu kimoja wakati madukani vipo vingi!"

"Kiduara cheusi?"

"Cheusi."

"Ukubwa wa bangili?"

"Umekiona?"

Jasho lilinitoka hadi nyuma ya masikio. Si kukiona tu. Nilikifungia fomu za Bondeni. Na fomu za Bondeni zilipofika wizarani, Waziri alikipenda kile kiduara, akasema kina heshima, akakitoa akaivisha Ripoti Kuu ya Mawazo ya Taifa. Ilikuwa kwenye picha ukurasa wa mbele wa gazeti. Ripoti imekunjwa kama mkeka, kiduara katikati, askari wawili pembeni na bunduki.

*

Bingwa aliwekwa Jumba la Fikra. Nilipewa ruhusa kumwona kama karani wake. Nikamkuta kakaa chini ya mashine, kofia kubwa ya duara inavuma, taa nyekundu inawaka. Wanaiita Kipimawazo. Iliagizwa nje kwa ndege peke yake, na Waziri akasema inasoma ubongo hadi kisogoni. Mimi nilikulia saluni kwa dada. Ile ilikuwa draya. Draya ya nywele, hata kibandiko cha kuonya usilowanishe kilikuwepo. Lakini kila aliyepimwa alitoka kichwa kikiwa cha moto, na wataalamu walisema huo ndio ushahidi.

Katibu Mkuu, Bi Zuwena, alikuwa anamsomea shemeji hotuba waliyomwandikia. Wazo lenyewe lilikuwa mbegu ya mahindi inayojipanda yenyewe, inajivuna yenyewe, inajipeleka sokoni yenyewe, mkulima anabaki kupiga kura tu.

"Mama," shemeji akasema, "mimi wazo langu ni mpira."

"Tunajua, Bingwa. Imeandikwa kwenye fomu. Tumekuletea." Akampa mpira wa miguu, mpya, una saini ya Waziri.

Alipotoka kidogo nikamnong'oneza shemeji yote. Akauweka chini ule mpira wa saini. Draya ilivuma. Mwisho akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu ulikuwa unanipa pole ya timu."

"Nisamehe shem."

"Na mpira wangu umevaliwa na ripoti."

"Umeikaa vizuri lakini."

Bi Zuwena aliporudi, shemeji akamwomba kwa adabu zote. Akasema ule mpira kwenye Ripoti Kuu ni wa pampu ya Bondeni, wautoe tu, wafunge kamba, mke wake ana mimba kubwa na anachota maji na ng'ombe.

Bi Zuwena akavaa miwani. "Kwanza, mpira huo sasa ni sehemu ya waraka wa siri wa serikali. Kuuvua ni kufungua siri. Pili, pampu ilikuwa ya Wizara ya Maji. Wizara ya Maji haipo. Kwa hiyo pampu haipo, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuharibika."

"Na mke wangu?"

"Mkeo yupo," akasema kwa upole. "Yuko Idara ya Utamaduni."

Nilipokuwa naondoka shemeji alinishika mkono. "Hemedi, siku hiyo ripoti itashikwa na nani?"

"Waziri mwenyewe."

"Jukwaani?"

"Jukwaani."

"Mwambie dada yako aazime spana, aiweke karibu na pampu," akasema, akarudi chini ya draya.

*

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele wamevaa vifaa vya masikioni vya kusikilizia tafsiri. Mtukufu naye alivaa, akawa anasikiliza lugha yetu ikigeuzwa kuwa ya wageni, kwa heshima ya tukio. Mkalimani alikuwa mama mmoja wa kigeni. Kiswahili hakujifunza chuoni. Alikaa na watu miaka tisa. Hilo ndilo lilikuwa kosa la wizara.

Waziri alipanda na Ripoti Kuu kwapani. Alihutubia saa moja na robo. Alisema Kipimawazo kimewashinda waliokitengeneza. Alisema mawazo ya Hapa yakipangwa mstari yatafika mwezini na kurudi na chenji. Halafu akaita, "Bingwa wa Mawazo!" Tarumbeta zikalia.

Shemeji akapanda na suti ya kuazima, mikono imepita vidole. Hotuba ya mahindi akaikunja akaitia mfukoni.

"Mimi naitwa Chande, fundi pampu wa Bondeni. Ni kweli nina mawazo. Nina mawazo kwa sababu pampu yetu imekufa, na mke wangu ana miezi minane anabeba maji ya bwawani. Ndiyo maana silali. Wenzangu wote wa Bondeni wana mawazo hayohayo. Asanteni."

Mkalimani akatafsiri. Nikaona wageni wanaacha kutabasamu, mmoja baada ya mwingine, kama taa za mtaani umeme ukikatika. Mzee mmoja wa mbele akauliza kitu, na mkalimani akakigeuza, "Mgeni anauliza, hiyo asilimia tisini na saba nukta nane, nao wana mawazo ya namna hii?"

Ukumbi mzima ukajibu pamoja, bila kupangwa: "Ndiyo!" Hata wapiga tarumbeta. Hata askari mmoja.

Mtukufu akavua vifaa vya masikioni. "Mtambalike. Nimesikia kwa lugha ya wageni kwamba watu wangu wote wana huzuni. Nani kaitafsiri vibaya?"

"Mtukufu... lugha yetu... ni tajiri sana," Waziri akasema.

"Kwani mawazo si mawazo?"

Shemeji ndiye alijibu. Alipima kila neno, miaka saba si michache.

"Mtukufu, likiwa moja ni wazo. Yakiwa mengi, hayo ni mawazo. Mimi wazo ninalo moja tu, na likifanyika, mawazo yananiisha leo hii."

"Basi litoe! Ulikuja hapa kulitoa!"

"Naomba niishike Ripoti Kuu nioneshe."

Mtukufu akamwangalia Waziri. Waziri akaibana ripoti kwapani kama mtu aliyeambiwa avue shati. "Mpe," Mtukufu akasema. Akampa.

Shemeji akaishika kwa mikono miwili. Akauvuta mpira taratibu hadi ukatoka. Ripoti ikafumuka. Juu kulikuwa na feni kumi na mbili, wizara iliziwasha zote kwa ajili ya wageni. Mawazo ya taifa yakapanda hewani, kurasa mia nne, Sayansi ikamwangukia Bi Zuwena, Siasa ikashuka kwa wageni, Utamaduni ukabaki juu unazunguka na feni. Shemeji alipitisha mpira mkononi kama bangili, akashuka ngazi, akatoka nje kwa mwendo wa kawaida tu.

Askari walitazamana. Ratiba haikusema Bingwa akiondoka wafanye nini.

Wageni walidhani hiyo ndiyo sehemu ya maonyesho. Wakasimama wakamfuata. Wageni wakisimama Mtukufu hawezi kukaa, akasimama. Mtukufu akisimama hakuna anayekaa. Ukumbi wote ukatoka kwa miguu hadi Bondeni, suti na visigino virefu, tarumbeta zinapiga wimbo wa mapokezi kwa sababu wa kuondoka hawakufundishwa.

Pale pampuni shemeji alivua koti, akamkabidhi mgeni mmoja alishike, akafungua nati. Mimi nikashika mpini. Dada Sikudhani alishaweka ndoo chini ya mdomo wa pampu na mkono mmoja kiunoni. Mpira ukaingia. Nati zikakazwa.

"Kandamiza."

Nikakandamiza. Hewa. Tena. Hewa, na harufu ya kutu. Mara ya tano pampu ikakohoa kama mzee anayeamka. Mara ya saba nikaona uso wa shemeji umekuwa wa kijivu, midomo inahesabu. Mara ya tisa yakaja, kwanza mekundu, halafu meupe, halafu mengi.

Hakuna aliyeshangilia. Watu waliendea ndoo zao. Mtukufu, kwa kuzoea kuwa wa kwanza, akasogea mbele akakinga viganja. Dada yangu akamtazama juu hadi chini.

"Foleni, baba. Ndoo yako iko wapi?"

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua Mtukufu alikuwa nyuma ya Mama Chausiku, na nyuma yake wageni wamepanga mstari. Alisubiri. Zamu yake ilipofika, mgeni mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, na hayakuwa matatu.

*

Shemeji hakufungwa. Ili kumfunga ilihitajika fomu yake, na fomu yake ilikuwa imeambatanishwa na ripoti, na ripoti ilipeperuka. Jioni redio ikatangaza kwamba Profesa Mtambalike amelivumbua wazo la kwanza la taifa, nalo ni maji. Dada alijifungua wiki iliyofuata, mtoto wa kike, akaoshwa kwa maji safi.

Lakini wizara ni wizara. Baada ya mwezi ikaja barua, nikapewa mimi niipeleke. Ilisema kurasa za Ripoti Kuu zimeokotwa, zimekunjwa upya, zinafumuka. Mpira wa Bondeni ni mali ya wizara na urudishwe kabla ya Ijumaa, la sivyo watakuja kuuvua.

Nilimsomea dada akiwa ananyonyesha. Hakukasirika. Aliinuka akaenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na suruali yangu ya michezo, ile ya bluu. Akachukua mkasi wa saluni.

"Dada, hiyo ndiyo ninayoivaa!"

"Na ile pampu ndiyo ninayoinywa."

Akaukata ukanda wa kiunoni, akafunga fundo, akautia kwenye bahasha ya serikali, akaandika juu: MPIRA. Hakudanganya. Ni mpira.

Ukaenda. Bi Zuwena alisaini kupokea, akasema afadhali huu, una mvuto kuliko wa kwanza. Leo Ripoti Kuu ya Mawazo iko makumbusho ya taifa, ndani ya kioo, taa zinaimulika, na wageni wakipita wanainamisha kichwa mbele ya kiuno cha suruali yangu.

Kwa hiyo ukinikuta barabarani natembea mkono mmoja umeshika suruali, usinicheke. Mpira wake uko kazini serikalini.